Ilikohamia Milimita

Keko, Dar es Salaam, inajulikana kwa makochi na vitanda. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kulegeza masharti ya biashara na bidhaa za nje kuanza kuonekana madukani, baadhi ya mafundi wa pale walianza kuletewa kazi nyingine: maboksi ya spika. Mtu alikuwa na ndugu baharia, au shemeji aliyetoka Dubai, kaletewa spika tupu ya inchi 12. Anaifungua kwenye gazeti na kuuliza, "Fundi, hii utaivalisha?" Mimi nilikuwa kijana wa kushika ubao upande wa pili, na kazi ile sijaiacha mpaka leo.

Siku hizo kosa la kipimo lilikaa mkononi. Msumeno wa mkono hupinda ukikutana na fundo, na unakula unene wake kila unapopita. Ukichora vipande vinne mfululizo bila kuuhesabu msumeno, cha mwisho kinatoka kifupi na humjui wa kumlaumu. Futi nayo ilikuwa na mambo yake. Ile ndoana ya mwanzoni inacheza kwa makusudi, kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe kilekile ukivuta au ukisukuma. Wapo waliodhani imelegea, wakaigonga nyundo mpaka ikatulia. Kuanzia hapo futi yao ikawa inadanganya maisha.

Mzee aliyekuwa anatufundisha hakuwa na imani na namba. Alipima ubao wa kwanza tu. Ubavu mmoja ukishakatwa, unalazwa juu ya mwenzake, unachorwa, kisha zote mbili zinabanwa kwenye jiliwa na kupigwa randa pamoja mpaka kidole kikipita kisisikie ngazi. Zikipungua milimita mbili, zimepungua zote, na boksi halina habari. Kabla gundi haijashika alivuta kamba kutoka kona hadi kona, kisha kwa kona nyingine mbili. Kamba zikitofautiana, boksi limekaa upande; analisukuma kwa goti mpaka zilingane.

Mwenzangu mmoja alimfuata siku moja, futi mkononi.

"Mzee, mgongo umepungua."

"Uliupimia wapi?"

"Kwenye mchoro."

"Mchoro hauna upenyo, mwanangu. Njoo upimie kwenye boksi."

Kwake mgongo ulikatwa mwisho kabisa, kwa kuusimamisha pale pale unapoingia. Makosa yote madogo ya pande nyingine yalikuwa yamekwisha kukusanyika, na mgongo ndio uliyamaliza. Nyufa zilizosalia zilizibwa kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi nyeupe. Kisha tunawasha muziki wenye besi nzito na kupitisha udi wa kijiti kwenye viungo, taratibu. Moshi ukitikisika mahali, hewa inavuja, na boksi linalovuja linapiga miluzi badala ya besi.

Baadaye likaja zulia jeusi la kufunikia maboksi, na kwa maoni yangu liliharibu mafundi wengi. Kiungo kilichoachama kikishafunikwa, nani atakiona? Mteja anakisikia miezi sita baadaye, ukumbini, wageni wamekaa.

Nadharia niliikuta nikiwa mtu mzima. Mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha mwaka 1961 hesabu za boksi lenye tundu la hewa. Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Nilipozipitia niliona Mzee hakuwa akibahatisha. Chukua boksi la nje la milimita 600 kwa 450 kwa 400, ubao wa milimita 18: ndani mna lita 85. Ubao ukiwa wa 16.5 na vipimo vya nje vikabaki vilevile, unapata karibu lita 87. Kosa la asilimia 2. Lakini mlio wa boksi hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha ujazo, kwa hiyo kosa linabaki asilimia 1 tu: boksi lililokusudiwa hezi 45 linalia kwenye 44 na nusu. Hakuna mcheza singeli atakayejua. Ufa mwembamba kwenye kiungo, huo atausikia.

Na huo ubao wa 16.5 sikuutunga. Leo unapeleka mchoro kwa wenye mashine, inakata karatasi ya futi nane kwa nne bila kutetemeka, kila kipande kama ulivyoandika. Ila plaiwudi inayouzwa kwa jina la 18 mara nyingi ni nyembamba zaidi, na upande mmoja wa karatasi unaweza kuuzidi mwingine. Umeandika uso wa mbele milimita 414, yaani 450 ukitoa 18 mara mbili. Mbavu zikiwa za 16.5, upana wa nje unatoka 447, wakati kifuniko cha juu kimekatwa 450. Kinatokeza milimita tatu, na mashine haina kosa hata moja. Vijana wanashangaa, wanarudia kupima kwa futi, wanakuta kila kipande sahihi.

Mzee ametangulia mbele ya haki, na wateja wengi siku hizi wananunua spika za plastiki zenye amplifaya ndani. Wanaobaki kwetu ni makanisa, wenye kukodisha muziki, na wachache wanaopenda kujitengenezea wenyewe. Kama wewe ni mmoja wao, nunua ubao kwanza. Upime unene kwa kalipa kwenye kona zote nne, ndipo uchore. Na kwa kijana wa mashine usiagize mgongo. Chukua kipande kizima, ukikate nyumbani boksi likiwa limesimama.