Kabla hujaagiza gari la matope kutoka Japani

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu ambaye kila akishamaliza chakula cha jioni huishika simu na kuanza kutazama picha za magari makubwa yenye tairi pana, basi makala haya ni yako. Hapa kwetu mtu huyo ni mume wangu. Ametazama kwa muda wa mwaka mzima sasa. Na kwa kuwa pesa anazozipigia hesabu ni akiba yetu sote wawili katika chama cha ushirika, nami ilinibidi nivae miwani nitazame.

Tusidanganyane, haja ipo. Mama mkwe wangu anaishi Kinangop Kusini, kule kwenye kabeji, viazi na maziwa. Lami inaishia sokoni, na kutoka hapo hadi langoni pake ni kilomita saba za udongo mweusi. Wakati wa kiangazi utapita hata na baiskeli. Mvua ya masika ikiingia, kuanzia Aprili hivi, udongo huo hugeuka kuwa uji, na gari dogo kama letu huzama hadi tumboni. Bibi huyu ana ugonjwa wa moyo na kila mwezi hutakiwa kliniki mjini Naivasha. Kuna msimu mmoja alikosa kliniki mara mbili mfululizo, si kwa kukosa nauli bali kwa kukosa njia. Ndipo mume wangu akasema lazima tuagize gari la matope kutoka ng'ambo, kwa sababu, ati, ng'ambo ni rahisi.

Hebu kwanza tukubaliane gari la matope ni lipi. Si kila gari lililoinuka ni la matope. Magari mengi ya kifamilia yenye umbo la kibabe, kama vile Harrier na X-Trail, huuzwa Japani kwa namna mbili: yale ambayo injini huzungusha magurudumu yote manne, na yale ambayo huzungusha mawili tu. Kwa nje ni pacha. Jirani yetu mmoja aliagiza la aina hiyo bila kuuliza swali hilo, na siku ya mazishi huko kwao lilivutwa na ng'ombe mchana kweupe, waombolezaji wakitazama. Tena hata yale ya magurudumu manne hayalingani. Prado na Jimny zina gia ya chini ya ziada, ambayo hulifanya gari kwenda polepole sana lakini kwa nguvu nyingi. Hiyo ndiyo inayokutoa shimoni. Ikiwa gari halina gia hiyo, litakusaidia kwenye utelezi mdogo, lakini usilipeleke kwenye uji wa Kinangop ukitarajia miujiza.

Sheria nayo ina lake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na sharti usukani uwe upande wa kulia. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, yalikubaliwa yaliyosajiliwa kuanzia Januari 1, 2018. Wale wenzangu wanaoota zile Land Rover Defender za kale kutoka Uingereza, za mabati na skrubu za kuonekana, waamke: la mwisho la muundo huo lilitoka kiwandani Solihull mnamo Januari 2016. Muda wake umekwisha. Utalipata humu humu nchini, ama hulipati.

Sasa tuje kwenye ushuru, maana hapa ndipo ndoto nyingi hukatiziwa usingizi. Bei unayoiona kwanza kwenye picha aghalabu ni ya gari likiwa bado bandarini huko Japani. Ongeza nauli ya meli na bima hadi Mombasa. Halafu Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, haikuulizi ulilinunua kwa kiasi gani. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya. Huichukua bei hiyo, huipunguza kwa kadiri ya umri wa gari, kisha huitafutia thamani ya forodha. Hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa na mjapani mwenye huruma, KRA itasoma orodha yake.

Tufanye thamani hiyo ya forodha ni Sh1 milioni, kwa mfano tu. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa kuingiza bidhaa ni asilimia 35, ambayo ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, si juu ya ile milioni pekee. Kwa injini inayozidi cc 1500 ni asilimia 25, yaani Sh337,500. Juu ya yote hayo huja VAT ya asilimia 16, ambayo ni Sh270,000. Ada ya kutangaza bidhaa ni asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, jumla Sh45,000. Ukijumlisha yote utapata Sh1,002,500. Msomaji wangu, umelinunua gari mara mbili: mara moja Japani na mara ya pili Mombasa. Na kwa orodha ya KRA, usitarajie Prado ishuke hadi thamani ya milioni moja.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ukubwa na aina ya injini hubadili hesabu yote. Prado ya petroli ya cc 2700 hutozwa ile asilimia 25. Prado ya diseli ya cc 2800, umbo lile lile, viti vile vile, imevuka mpaka wa cc 2500 uliowekewa diseli, na hutozwa asilimia 35. Katika mfano wetu wa milioni moja, tofauti hiyo pekee ni Sh156,600. Kwa upande mwingine Jimny ya cc 1500 hutozwa asilimia 20. Isitoshe, diseli za miaka ya karibuni huwa na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, nacho hujisafisha kwa joto wakati gari linapokimbia mwendo mrefu. Ikiwa Jumatatu hadi Ijumaa unasota katika msongamano wa Jogoo Road, kichujio hicho kitaziba, na bili yake italetwa kwako.

Nisisahau dola, kwa sababu magari haya huuzwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takribani Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu Sh130. Gari la dola 15,000 lilitoka Sh2.4 milioni hadi Sh1.95 milioni bila kuguswa hata tairi. Anayekopa leo ili alipe miezi miwili ijayo hajui atalipa ngapi, na mkopo wenyewe hausubiri.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa pesa. Ilikuwa kununua kitu ambacho hujakiona, kama yule anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mume wangu alinijibu kwamba mjapani ni mwaminifu. Mimi nikasema sina neno na mjapani, nataka kujua kwa nini analiuza. Jibu lake, kusema kweli, lilinipendeza. Huko Japani gari jipya la kibinafsi hufanyiwa ukaguzi wa serikali, uitwao shaken, baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama yake, hivyo wengi huona heri wauze na kununua jingine. Ndiyo sababu magari yenye afya njema hujaa minadani kwao, wakati huku kwetu mtu huuza gari akiwa ameshindwa nalo.

Mnadani kila gari hupewa hati. Muombe muuzaji hati yenyewe ya Kijapani, si tafsiri yake. Kuna alama ya jumla: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R humaanisha liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Pia kuna mchoro wa gari uliotiwa herufi ndogo ndogo. A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, na S ni kutu. Mume wangu alikuwa akitafuta A na U, akihofia wakwe watauona mkwaruzo. Mimi nilimwambia tafuta S.

Sababu ni hii. Sehemu za kaskazini za Japani, kama Hokkaido, hupata theluji nyingi, na barabarani humwagwa vitu vya chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huishika chesisi ikaila kutoka chini. Sasa fikiri: ni nani huko Japani anayehitaji sana gari la magurudumu manne? Si ni yule anayeishi kwenye theluji? Kwa hiyo gari lile lile tunalolitafuta ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuwa limeogeshwa chumvi. Juu litang'aa kama sinia la Krismasi, chini linaoza. Ukaguzi ambao shirika letu la ubora wa bidhaa, KEBS, hulitaka lifanyiwe kabla ya kupakiwa melini hutazama kama gari linafaa barabarani. Haukuahidi kwamba chesisi itavumilia mawe ya Kinangop kwa miaka kumi. Omba picha za chini, za chesisi na za vyuma vinavyoshika springi. Muuzaji akikutumia picha za redio na viti vya ngozi badala yake, umekwisha kupata jibu.

Mwajua, kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau, nayo ni kununua humu humu nchini gari ambalo tayari lina nambari ya Kenya. Ushuru ulikwisha kulipwa na mwingine. Unaweza kulala chini yake na tochi, ukiandamana na makanika wako. Tena sheria ya miaka minane haikuhusu, kwa hiyo utapata yale ya kale yenye injini rahisi ambazo fundi yeyote wa jua kali anazijua. Kasoro yake ni kwamba barabara zetu zimekwisha kulipiga, na mwenyewe hatakuambia lilipigwa wapi. Kati ya chumvi ya mjapani na mashimo ya mkenya, mimi binafsi naona heri mashimo, kwa kuwa naweza kuyasikia gari likiendeshwa.

Jioni moja nilichukua kalenda ya ukutani, nikamwambia mume wangu tuhesabu ni siku ngapi katika mwaka uliopita tulikwama kwenye njia ya mama. Tulihesabu kwa uaminifu. Zilikuwa siku tisa. Siku nyingine zote 356 gari hilo kubwa lingekuwa linakunywa mafuta kwenda kazini na kurudi. Na katika zile siku tisa, nikamkumbusha, ni gari gani lilitupita? Probox, imebeba mitungi ya maziwa na watu ambao sikuweza kuwahesabu. (Kuna Probox za cc 1500 zinazozungusha magurudumu yote manne. Wajapani huzitumia kubebea mizigo, na hakuna anayepiga nazo picha.)

Bado hakushawishika, na sikumlaumu, maana ni mama yake. Tukakubaliana tukamuulize mwenyewe. Bibi alitusikiliza kwa utulivu huku akimenya viazi, tukamweleza gia ya chini, Mombasa na mengineyo. Kisha akauliza, "Gari hilo litalala wapi?"

"Litalala Nairobi, Mama, nyumbani kwetu," mume wangu akajibu.

"Na moyo wangu ukishtuka saa nane za usiku, mwanangu, mvua ikinyesha, hilo gari litakuwa limelala Nairobi?"

Hapakuwa na jibu. Mwaka mzima wa picha, na hakuna kati yetu aliyeuliza swali hilo.

Bibi akatuonyesha kwa kisu upande wa pili wa bonde. Huko kuna Land Cruiser pikapu kuukuu inayokusanya maziwa alfajiri, na haijawahi kushindwa na njia ile msimu wowote. Tulikwenda kumwona mwenyewe siku hiyo hiyo. Tumepatana malipo ya kila siku ya kliniki, ikinyesha isinyeshe, na mengine ya usiku ikiwa ataamshwa. Nambari yake imeandikwa kwa wino mkubwa kwenye mlango wa jikoni, na nyingine ya kakake iwapo simu yake imezimwa. Tangu hapo hajakosa kliniki. Malipo ya mwaka mzima hayafiki hata ile ada ya reli ya gari la mfano wetu.

Pesa za ushirika zingali pale. Tumesema kwamba shemeji yangu mdogo, anayelima huko nyumbani, akipata leseni ya udereva, tutazungumza tena kuhusu gari dogo la kukaa huko huko kwa bibi, si Nairobi.

Mume wangu bado hutazama picha usiku. Juzi alinionyesha Jimny ya kijani ya mwaka 2019, daraja la 4, na herufi S moja tu kwenye mchoro, karibu na mlango wa nyuma. Nilimwambia aombe picha za chini. Ameomba. Muuzaji amemtumia picha ya usukani.