Mwalimu wa Mangapwani na Amana ya Uongozi

Sisi tulioko Maili Moja, na ninyi mlioko Kisarawe na Mkuranga, tuna haki ya kumkumbuka mwana wa mkoa wetu, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa tarehe 8 Mei, 1925, katika kijiji cha Kivure, ambacho zamani kilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Alipokuwa bado mtoto, baba yake alimpeleka Unguja akasome dini. Huko alikulia, akasoma pia shule za serikali, kisha akawa mwalimu, na baadaye mwalimu mkuu, huko Mangapwani.

Watu wengi humtaja kwa jina la Mzee Rukhsa, kwa sababu alifungua milango ya biashara wakati maduka yalipokuwa matupu. Ni kweli. Alishika Urais wa Zanzibar mwaka 1984, na wa Jamhuri ya Muungano kuanzia Novemba 1985 hata Novemba 1995. Na katika zama zake, mwaka 1992, nchi ilirudi katika mfumo wa vyama vingi. Wapo waliomsifu, na wapo waliomlaumu kuwa milango ilifunguka mno, hata tamaa na rushwa zikaingia pamoja na bidhaa.

Walakini sisi walimu wa vyuo twapenda kuwasimulia watoto jambo lililotangulia hayo yote. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowashika. Mwinyi hakuwapo, wala hakuamuru. Lakini waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Mwezi Januari, 1977, alijiuzulu.

Tazameni uzito wa jambo hili. Kusema “sikujua” ni rahisi, na mara nyingine ni kweli; lakini hakumrudishii mjane mumewe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichochungishwa. Basi baba ataulizwa juu ya nyumba yake, mama juu ya watoto walio mikononi mwake, na mwalimu juu ya fimbo iliyo mkononi mwa msaidizi wake.

Tena kuacha cheo hakukumvunjia heshima. Alipelekwa Misri kuwa Balozi, na miaka minane baada ya kujiuzulu akakabidhiwa nchi nzima. Aliyeonyesha kwamba aweza kukiacha kiti, watu hawakuogopa kumpa kikubwa zaidi.

Alifariki tarehe 29 Februari, 2024, akiwa na umri wa miaka 98, akazikwa Mangapwani, pale alipofundisha. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi na watoto wetu kuzijua amana zetu kabla hatujaulizwa. Amin.