Mlonge Hujenga Damu ya Kondoo, Lakini Hauui Minyoo

Kila mvua zikianza, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, ni kweli mlonge unaongeza damu ya kondoo?" Ndiyo, unasaidia. Lakini kwanza ujue damu hiyo inapotelea wapi.

Kondoo wa kilo 30 ana damu kama lita 2 tu. Kuna mnyoo anayeishi kwenye tumbo lake la nne, kitaalamu Haemonchus contortus, anayenyonya damu. Minyoo 5,000 inaweza kumpotezea kondoo robo lita kwa siku. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haileti kuhara, hivyo kondoo anaonekana mzima mpaka siku anaanguka malishoni.

Mama mmoja katika kata yangu aliwalisha majani ya mlonge kwa uaminifu kondoo wake wawili wenye mimba, aliowategemea kwa ada ya mtoto. Nilipoitwa, mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili alikuwa na uvimbe laini chini ya taya, na ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi. Mlonge haukumdhuru. Alikuwa anajaza maji kwenye ndoo inayovuja. Yule wa pili tulimpa dawa ya minyoo kwa uzito wake, mlonge ukaendelea, akapona na kuzaa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kagua macho kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua. Simama penye mwanga wa jua, vuta kope la chini taratibu. Wekundu ni dalili nzuri. Waridi iliyopauka au weupe ni hatari. Wenzetu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, iitwayo FAMACHA.

2. Aliyepauka apewe dawa ya minyoo kwanza. Muulize mtaalamu wa mifugo dawa na kipimo, hasa kama kondoo ana mimba. Usiwape wote bila kukagua, minyoo huzoea dawa.

3. Ndipo umpe mlonge. Anika majani kivulini, yasagwe, changanya konzi moja au mbili na pumba kila siku. Yana protini na madini ya chuma, vitu ambavyo mwili hutumia kutengeneza chembe nyekundu za damu. Usitumie mizizi wala magome, yana sumu.

4. Usimpe kondoo madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Shaba iliyomo inaweza kumuua.

Ukiweza kupima damu maabara, kondoo mzima huwa na chembe nyekundu kati ya asilimia 27 na 45 ya damu yake. Usipoweza, kope halina gharama. Kesho asubuhi, kabla hujafungua zizi, anza na wale wanaobaki nyuma ya kundi.