Njiti ya Kiberiti Haipimi Risasi





Katika darsa letu hapa Kicukiro tulifika Surat An-Nahl, aya ya 69, inayotaja kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu. Mama mmoja akauliza: "Ustadh, mwanangu nampa kijiko kila asubuhi. Nitajuaje kama haina sumu ya metali?"

Wengi walimjibu kabla yangu, kama ilivyo desturi yetu! Chovya njiti ya kiberiti, ikiwaka ni safi. Tia tone kwenye glasi ya maji, likizama bila kuyeyuka ni safi. Ndugu zangu, vipimo hivyo, hata vikisadia, vinahusu maji yaliyoongezwa tu. Asali yenye risasi (ile ile ya betri za magari) huwasha njiti sawasawa na nyingine, wala ulimi hauijui. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi.

Maabara huyeyusha sampuli kwa asidi kali mpaka sukari yote iishe, kisha mashine husoma metali iliyobaki. Kinachotafutwa ni kidogo mno. Tangu sheria ya mwaka 2015, kikomo cha risasi katika asali huko Umoja wa Ulaya ni miligramu 0.10 kwa kilo.

Inaingiaje? Nyuki huruka kilomita kadhaa na vumbi humnata manyoyani. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, paa lake lilikuwa na mamia ya tani za risasi. Watafiti wa Kanada wakapima asali ya mji ule, na mizinga ya upande ulikoelekea moshi ilikuwa na risasi zaidi, iliyo juu kabisa ikikaribia 0.08. Kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta metali nzito katika kinamasi cha Nyabugogo.

Hata hivyo simshitaki nyuki. Mara nyingi asali huwa na metali chache kuliko mwili wake mwenyewe. Mimi namtilia shaka zaidi binadamu. Asali ina uchachu, na ikikaa miezi ndani ya debe lililozibwa kwa lehemu ya risasi, huila ile lehemu. Aya imesema kinachotoka matumboni mwa nyuki, haikusema kinachotoka kwenye debe la mchuuzi.

Nilimshauri yule mama hivi. Shirika la Viwango la Rwanda liko hapa hapa Kicukiro na lina maabara. Gharama ni nzito kwa nyumba moja, basi nyumba kumi zichange na zinunue mavuno ya mfugaji mmoja. Sampuli iwe kwenye chupa safi ya kioo, iandikwe mahali pa mizinga na tarehe ya kuvuna. Waombe risasi na kadimi kwa majina, maana kipimo cha kawaida huishia kwenye maji na sukari. Na majibu ni ya mavuno hayo tu, si ya mwaka ujao.

Nyumba saba zimeshatoa mchango. Zikitimia kumi, sampuli itapelekwa, na majibu tutayabandika kwenye ubao wa madrasa, insha Allah.