Mti Mmoja, Majina Mawili

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuiambukiza miti ugonjwa kwa makusudi. Nilikulia Lushoto penye mapeasi na matufaa, nikasoma kilimo Morogoro, kisha nikawa fundi wa mashamba ya majaribio Geneva, mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani.

Machipukizi yakiwa bado laini, tulichovya mikasi kwenye maji yenye bakteria waitwao Erwinia amylovora, tukakata ncha za majani machanga. Baada ya siku chache chipukizi lisilo na kinga lilipinda kama bakora, likawa jeusi kana kwamba limepitiwa na moto. Tulichukua rula, tukapima urefu wa sehemu iliyoungua na kuulinganisha na wa chipukizi zima. Mche ulioungua mpaka chini uling'olewa. Sikuuonea huruma, maana kila uliokufa mikononi mwetu ulikuwa hasara iliyomwepuka mkulima fulani.

Hasara hiyo niliiona kwa macho. Mtufaa wa biashara ni miti miwili iliyounganishwa: juu kikonyo cha aina inayozaa, chini shina lenye mizizi. Shina lililoenea sana duniani ni M.9, kutoka East Malling, Uingereza. Mti wake huwa mfupi na huzaa mapema, lakini hauwezi kuustahimili ugonjwa huu hata kidogo. Bakteria huingia kupitia maua ya aina kama Gala huko juu, hushuka ndani ya mti bila kuonekana, na kuliua shina la chini. Mkulima mmoja alinitembeza kati ya mistari ya miti michanga iliyokufa hivyo, pamoja na mkopo alioipandia. Hakusema mengi, nami nilikosa la kumwambia.

Ndiyo maana nawaheshimu Jim Cummins na Herb Aldwinckle, walioanza mwaka 1968 pale Geneva kuzalisha mashina yenye kinga. Shina la G.41 ni mojawapo ya matunda ya kazi hiyo. Ni fupi kama M.9, hustahimili bakteria hao, vidukari wa manyoya meupe, na hata udongo uliochoshwa na matufaa ya zamani. Lina udhaifu wake: kiungo chake na kikonyo ni chepesi kuvunjika mti ukiwa mchanga, hivyo lazima ufungwe kwenye nguzo na waya. Mambo kama hayo hayaonekani kwa msimu mmoja. Mwaka baada ya mwaka tulipima mzingo wa kila shina, tukapima matunda ya kila mti kwenye mizani, tukakokotoa kilo kwa kila sentimita ya mraba ya mkato wa shina.

Juu ya kiungo nako kulikuwa na kazi. Aina ya Liberty, iliyotolewa mwaka 1978, niliiona safi katika majira ya mvua ambayo jirani zake walijaa madoa ya ukungu. Kinga yake imetokana na tufaa-mwitu, Malus floribunda, na hutegemea zaidi jeni moja; Ulaya ukungu umekwisha kuivunja. Tufaa la GoldRush ni chachu linapochumwa, kisha ghalani hukolea utamu hadi majira ya kuchipua. Mimi nalipenda kuliko yote. Lakini dukani watu huomba Gala na Honeycrisp, na mkulima hawezi kupanda asichoweza kuuza.

Kwa hiyo naamini ushindi wa karibu uko chini ya kiungo. Mnunuzi huchagua tunda kwa jina na rangi. Mizizi haioni, wala haihitaji kuizoea.

Aina za Geneva zimezoea majira ya baridi kali, kwa hiyo hazifai kupelekwa Lushoto au Njombe bila kujaribiwa kwanza. Hata hivyo, wewe mkulima wa nyanda za juu, ukienda kununua mche wa tufaa, uliza majina mawili: la kikonyo na la shina. Muuzaji akikutajia moja tu, tafuta kitalu kingine.