Kanisa la Wajerumani Lililojaa Kiswahili

Ukijaliwa likizo na nauli ya basi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, usiisinzie safari yote. Ukishavuka mpaka pale Namanga na kuupita mji wa Arusha, tupa jicho kando ya barabara huko Usa River. Hapo ndipo kilipo chuo cha Walutheri cha Makumira. Mnamo mwaka wa 1966, mwanafunzi wa chuo hicho, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya". Ukumbuke wimbo huo.

Ukifika Dar es Salaam, teremka hadi bandarini. Utaliona kanisa la Azania Front, mnara mrefu na vigae vyekundu, jengo ambalo wamishonari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka wa 1898. Utawala wa Wajerumani ulikwisha kwa Vita Vikuu vya Kwanza, lakini kanisa likabaki. Mwaka wa 1963, makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa moja. Leo ukiingia Jumapili utakuta Kiswahili na kwaya.

Huenda hata kwenu wazee na vijana huzozana kuhusu ngoma kanisani. Wazee wakihofu kwamba wimbo ukibadilika, imani nayo itapotea. Basi waeleze hivi: wimbo ule wa Makumira ulitafsiriwa, na sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Watu waliotuletea nyimbo zao, Pasaka huimba wetu.