Sikio Langu Lilinidanganya

Leo nawasimulia jambo lililonitia aibu nyumbani kwangu. Huenda likamfaa mwenzangu.

Kwangu tuna kicheza sidii na spika mbili. Sauti itokayo katika sidii haina nguvu ya kusukuma spika. Hupita kwanza katika chombo kiitwacho priamplifaya, na hapo ndipo tunapoipandisha au kuishusha. Kisha huenda kwenye amplifaya kubwa, nayo ndiyo isukumayo spika.

Mwaka jana rafiki yangu aliniazima priamplifaya yake, akisema anaiuza. Niliifunga mahali pa ile yangu kuukuu, nikasikiliza nyimbo za kwaya. Loo! Besi ilijaa chumba kizima, na kila neno lilisikika wazi. Nikamwita mke wangu. "Mama watoto, tuuze ndama, tununue hii."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, ndama yule si ndiye sare na madaftari ya mtoto? Na tofauti hiyo, waisikia kwa masikio au kwa hamu?"

Nilikasirika, nikamwita fundi wa redio aje kuamua. Yeye alitundika shuka mbele ya vyombo. Mke wangu akakaa nyuma yake, akawa anabadilisha nyaya bila kusema neno, nami nikitaja ni ipi inayolia. Tulifanya hivyo mara 10, nikapata zote 10. Basi, nikatamba!

Lakini fundi hakuridhika. Alitia sidii yenye mlio mmoja usiobadilika, akapima umeme kwenye nyaya za spika. Ile yangu ilitoa volti 2, ile ya rafiki volti 2.2. Akaniambia, "Mzee, hii imezidi kidogo tu, haifiki hata desibeli 1. Sikio halisemi kwamba sauti imezidi. Lasema kwamba ni nzuri zaidi."

Tena alinieleza kwamba sauti ikipungua, besi ndiyo hupotea kwanza masikioni mwetu. Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha jambo hilo mwaka 1933.

Akazisawazisha zote mbili, tukaanza upya. Mara 10 tena, nikapata 5. Hata kama ningalirusha shilingi juu, ningalipata hivyo hivyo.

Msinielewe vibaya. Sisemi priamplifaya zote ni sawa. Iliyoharibika huvuma au hukwaruza, na hiyo yafaa itengenezwe. Anayecheza santuri ahitaji uangalifu zaidi, maana sindano hutoa umeme mdogo mno, kama sehemu 5 za volti iliyogawanywa mara 1,000, hali kicheza sidii hutoa kama volti 2. Mvumo mdogo ukiingia hapo hukuzwa pamoja na wimbo. Lakini vyombo viwili vizima, vilivyotengenezwa vema na kusawazishwa, ni vigumu sana kuvitofautisha kwa masikio tu.

Nilimrudishia rafiki yangu chombo chake, nikamwomba mke wangu radhi. Ndama tulimwuza Januari, mtoto akapata sare, madaftari na viatu.

Nawe msomaji, ukitaka kununua chombo kwa sababu chalia vizuri kuliko chako, kwanza visawazishe sauti. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akae nyuma ya shuka.